Kipaji na Kuambilika

Bismillahi-r-Rahmani-r-Rahim.

Wako vijana wetu wa pwani walioko bara kwa masomo, Thika katika Chuo Kikuu cha Mount Kenya na Ruiru katika Chuo Kikuu cha Zetech, ambako mpira wa kikapu ni katika michezo ya wanafunzi. Tumeulizwa na mzazi mmoja: mbona kijana akijaaliwa uhodari katika mchezo huo, hasikii tena la mwalimu wake? Je, kipaji ndicho kimharibucho?

Twajibu: kipaji ni neema ya Mwenyezi Mungu, na neema haina kosa. Nabii Musa, alayhi-s-salaam, juu ya utume wake, alipojua kuwa yuko mja mwenye ilimu asiyokuwa nayo yeye, alifunga safari ndefu, akamtaka idhini amfuate ili afundishwe. Iblisi naye alitazama kuwa ameumbwa kwa moto, akajiona bora, akakataa kuamrishwa. Wote wawili walipewa. Kilichowatenga ni moyo.

Na katika mchezo wenyewe ushahidi upo. LeBron James wa Marekani alitangazwa mchezaji bora wa ligi ya huko mwaka 2009 na 2010. Mwaka 2011, timu yake ya Miami iliposhindwa katika fainali, alikwenda Houston kwa Hakeem Olajuwon, Muislamu mzaliwa wa Lagos aliyekwisha kustaafu, amfundishe kucheza karibu na kikapu. Mwaka 2012 alitwaa ubingwa. Hatusemi kuwa funzo hilo peke yake ndilo lililompa ushindi. Twasema kuwa aliyekwisha kuitwa mbora hakuona aibu kuwa mwanafunzi.

Basi kosa li wapi? Aghlabu li kwetu. Twamlaumu kijana kuwa hasikii la mkuu. Je, la mkuu amepata kuambiwa? Asiye hodari hurekebishwa kila siku, na hodari huachwa, kwani mwalimu aogopa asije akamkimbia, na mzazi apenda sifa. Hata sisi tumepata kumwacha mwanafunzi mwenye sauti nzuri akosee tajwidi, kwa kuwa wageni walipenda kumsikiliza. Alipokua, hapana aliyeweza kumsahihisha, na lawama ni yetu.

Uwanjani hucheza watano. Mmoja asiyeambilika huwatia hasara wanne. Mjini hali ni hiyo hiyo. Kwa hiyo, enyi wazazi na walimu, aliyepewa zaidi mrekebisheni zaidi, tena mapema na kwa upole. Nanyi vijana, mkisifiwa, ulizeni mlipokosea. Kumnyamazia mwenye kipaji si kumpenda, bali ni kumdhulumu.

Wa billahi-t-tawfiq.