Alikuwa Mchawi, au Hakuwa?

Ndugu zangu Waislamu wa Uyole na wa nyanda hizi za juu kwa jumla, vijana wa jamaa yetu waliotazama sinema iliyotengenezwa kwa jirani zetu wa Zambia, wakaondoka mbele yake wamegawanyika makundi mawili, wamenitaka niwaambie ni kundi gani lililo katika haki. Na kwa kuwa swali lao, nilivyolipima, linagusa imani, damu na heshima ya watu zaidi ya linavyogusa sinema, nimeona ni afadhali nilijibu mbele ya jamaa wote. Wapo watakaonung'unika ya kwamba mimbari haina haja na mambo ya sinema. Hao nawaomba subira kidogo, kwani kisa chenyewe kingaliweza kutokea mahali popote baina ya hapa na Tunduma, na vya mfano wake vimekwisha tokea.

Sinema hiyo huitwa I Am Not a Witch, yaani mimi si mchawi, nayo ilitungwa na kuongozwa na Rungano Nyoni, mwanamke aliyezaliwa Lusaka na kukulia Wales, ikaonyeshwa kwanza Cannes, Ufaransa, mwaka 2017. Ndani yake mna binti mdogo, mgeni kijijini, hana mama wala baba wa kumsemea, ambaye mwanamke mmoja aliyeanguka njiani akamwaga maji yake anamtupia lawama ya uchawi. Shauri hufikishwa kwa polisi. Hutokea shahidi wa kiume akasimulia kwamba mtoto yule alimkata mkono kwa shoka, na mikono yake yote miwili iko mahali pake, mpaka mwisho hukiri kuwa hayo aliyaona katika ndoto. Mtazamaji hucheka hapo, na ana haki ya kucheka. Lakini ushahidi wa namna hiyo ndio uliotosha kumtoa mtoto miongoni mwa watu na kumpeleka katika kambi ya vikongwe waitwao wachawi, ambao kila mmoja amefungwa mgongoni utepe mweupe ili asiruke akaenda zake. Akapewa usiku mmoja wa kuchagua: aukubali uchawi, au aukate utepe na kugeuka mbuzi. Mtoto, ambaye huko kambini alipewa jina la Shula, akauchagua uchawi kwa hofu ya kuwa mbuzi, na tangu hapo mtumishi mmoja wa serikali akawa akimtembeza kama mtaji wake, leo awatambue wezi mahakamani, kesho atangaze mayai katika televisheni, keshokutwa alete mvua katika nchi iliyokauka.

Mvua haikuja alipoagizwa. Baadaye maiti yake inaletwa kwa wale vikongwe, nao wanamlilia, na katika kilio kile mvua inanyesha. Kisha tunaona lori la kambi likiwa tupu na tepe zake zikipepea pasipo mtu. Mtungaji hakutueleza jinsi binti alivyokufa, wala kama mvua ile ilikuwa na uhusiano wowote naye, wala wale wazee walikwenda wapi. Hapo ndipo vijana wetu walipogombana, hawa wakisema mvua imethibitisha ya kuwa mtoto alikuwa nao uchawi, wale wakisema ilikuwa majira yake tu na mtoto hakuwa na lolote.

Jibu langu, wanangu, ni kwamba sijui, wala aliyeitunga hakutaka tujue, na kutojua huko si upungufu katika imani ya mtu.

Kundi la kwanza limesahau yaliyotukia Madina katika mwaka wa 10 wa Hijra, siku aliyofariki Ibrahim, mwana mchanga wa Mtume, na jua likapatwa siku hiyo hiyo. Watu walisema limepatwa kwa msiba ule. Lau Mtume angalikuwa mtafuta utukufu wa dunia angaliwaacha waseme, maana maneno yao yalikuwa ya kumtukuza yeye na mwanawe. Lakini katika huzuni ile ile, na kaburi la mtoto bado bichi, aliwafahamisha kwamba jua na mwezi ni ishara mbili za Mwenyezi Mungu, hazipatwi kwa kufa kwa mtu wala kwa kuishi kwake. Ikiwa kupatwa kwa jua hakukuruhusiwa kuwa shahidi wa kumtukuza mtoto wa Mtume, mvua itaruhusiwaje kuwa shahidi wa kumhukumu yatima? Na mwisho wa Sura Luqman tunafundishwa kwamba kuteremsha mvua ni miongoni mwa mambo ambayo ilimu yake iko kwa Mwenyezi Mungu.

Kundi la pili liko karibu zaidi na moyo wangu, ila nalo lina kasoro ambayo sikuipenda, kwa kuwa linapigania kutokuwa na hatia kwa mtoto kana kwamba, kama ingalithibiti kuwa ni mchawi, basi kufungwa utepe, kutembezwa na kufa kwake kungalikuwa halali. Sisi hatukanushi kuwapo kwa sihiri. Sura ya Baqara imeitaja, pamoja na onyo kuwa wafanyao hawamdhuru yeyote ila kwa idhini ya Mwenyezi Mungu, na Sura ya Falaq twaisoma asubuhi na jioni kujikinga. Walakini itazameni habari ya Labid bin Aasam, aliyemfanyia sihiri Mtume mwenyewe kwa kitana na nywele, akavitia katika kisima cha Dharwan. Mtu huyo hakushukiwa kwa macho yake mekundu wala kwa mavuno yake kuwa mema kuliko ya jirani. Alijulikana kwa njia ambayo hakuna mtu leo, awe shehe au mganga, anayeweza kudai kuwa nayo. Na baada ya yote hayo Mtume hakukusanya watu mlangoni kwa Labid. Bibi Aisha alipouliza, alijibiwa kwamba Mwenyezi Mungu amekwisha mponya, naye hapendi kuwachochea watu shari. Kisima kikafukiwa, mambo yakaisha. Basi ikiwa yakini iliyotoka mbinguni iliishia katika kufukia kisima, dhana iliyotoka katika ndoto ya mtu inapata wapi haki ya kumfukia mtu?

Nasema kufukia kwa makusudi, kwa maana mkoani kwetu Mbeya zimepata kusikika habari za watu waliosukumwa kaburini wakiwa hai pamoja na maiti waliyedaiwa kumroga. Nasema pia ndoto kwa makusudi. Mafundisho ya Mtume ni kwamba kalamu imeinuliwa kwa aliyelala mpaka aamke. Ikiwa aliyelala haandikiwi hata dhambi zake mwenyewe, ataandikiwaje wengine dhambi kwa aliyoyaona usingizini? Hata hivyo ni mara ngapi katika misiba yetu umesikia fulani akisema alimwota bibi fulani, na jamaa wakanyamaza kimya cha kukubali?

Kuna jambo jingine ambalo nimelifikiri sana juu ya kisa cha Shula. Zamani mtu mmoja aitwaye Najda, mkubwa wa Khawariji, alimwandikia Ibn Abbas akimwuliza, miongoni mwa mengine, juu ya kuwaua watoto wa maadui, na huenda alimkumbuka yule kijana aliyeuawa na Khidhr katika Sura ya Kahfi. Ibn Abbas alimjibu ya kuwa Mtume hakuwa akiwaua watoto, basi na yeye asiwaue, isipokuwa awe anajua kwa kijana yule kile Khidhr alichokijua. Ninyi mnaotaka mwisho wa sinema ufungwe, mnaotaka mwambiwe bila ya shaka kama mtoto alikuwa nao au hakuwa nao, mnaomba ilimu ya Khidhr; na Nabii Musa, pamoja na daraja yake, hakupewa ilimu hiyo ila kwa kuelezwa, naye alipoliona jambo lile kwa macho yake alilikemea, kwa sababu kilicho dhahiri kilikuwa damu ya kijana asiyeua mtu.

Na katika sinema hii kilicho dhahiri ni kingi mno, na hapo ndipo ninapotaka mkae. Mwanamke aliyemwaga maji tulimwona. Shahidi wa ndoto tulimsikia. Askari aliyeyapokea mashtaka badala ya kumpeleka mtoto kwa watu wa kumlea, mtumishi aliyekula faida yake, watalii waliokuja kupiga picha za vikongwe waliofungwa, wote walipita mbele yetu mchana, na hakuna hata mmoja kati yao aliyemkaba Shula kwa mikono yake. Kila mmoja alichangia sehemu ndogo ambayo pengine aliiona haina uzito. Muulizwe mchawi ni nani, mtagombana mpaka alfajiri. Muulizwe nani alimdhulumu mtoto, majina yote mnayo. Katika Sura ya Takwir imetajwa siku ambayo mtoto wa kike aliyezikwa hai ataulizwa ni kwa dhambi gani aliuawa. Wafasiri wameeleza kuwa swali lile, ingawa yeye ndiye aulizwaye, ni la kumfedhehesha aliyemzika.

Msidhani nazungumza habari za Zambia. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kilitoa taarifa kwamba katika mwaka 2013 watu 765 waliuawa nchini mwetu kwa tuhuma za uchawi, na 505 kati yao walikuwa wanawake. Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928, iliyotungwa na Waingereza na bado inatumika, humwona mkosaji hata yule anayemtaja mwenziwe kuwa mchawi, si anayejidai kuroga peke yake. Lakini sheria haiingii katika vilabu vya pombe wala, astaghfirullah, katika baraza za misikiti. Babu zetu waliona watu wa mchape wakija kutoka Nyasaland katika miaka ya 1930 kusafisha vijiji kwa kuwatafuta wachawi. Wajukuu wanaona lambalamba wakiitwa Mbozi na Rukwa kwa kazi ile ile. Hapa Uyole tuna kituo cha utafiti wa kilimo ambacho wataalamu wake wataweza kukuambia kwa nini viazi vyako vimeoza na vya jirani vimesalimika, na hospitali za mjini haziko mbali kwa mtoto mwenye degedege, na bado wapo miongoni mwa wanaoswali nasi ambao huvuka vyote viwili kwenda kwa mpiga ramli, ilhali wanajua ya kuwa amwendeaye mpiga ramli akamwuliza jambo, sala yake haikubaliwi usiku arobaini.

Aya ya 12 ya Sura ya Hujurat imetukataza kufuata dhana nyingi, ikatukataza upelelezi, ikatukataza kusengenyana, na mpango wake si wa bure. Mtu huanza kudhani, kisha huchungulia, kisha huenda kuwasimulia wengine aliyoyadhani kana kwamba ndiyo aliyoyachungulia. Baada ya hapo haki ya mja imekwisha ingia shingoni. Mwenyezi Mungu husamehe haki zake kwa toba. Haki ya mja humngoja mwenyewe. Anayeijua nafsi yake kuwa alimtaja bibi wa watu katika msiba, au alitikisa kichwa alipotajwa na mwingine, asitosheke na istighfari ya msikitini.

Basi nawaombeni, ndugu zangu, na hasa ninyi vijana mliolileta swali hili: kabla ya Ijumaa ijayo, kila mwenye deni kama hilo na amwendee mwenyewe nyumbani kwake, ampe salamu, amtake radhi mbele ya wale wale waliosikia tuhuma, na siku mtakapoletewa mchango wa kuwaita lambalamba, akija nao jirani au akija nao ndugu wa tumbo moja, msitoe hata senti, na mtoe habari kwa serikali ya mtaa siku ile ile.