Sadaka za Wazee Wasiobatizwa

Wakristo wengi, hasa wale waliobatizwa wa kwanza katika ukoo wao, hutuuliza: Je, sadaka walizotoa babu zetu zilikuwa bure mbele ya Mungu?

Kabla ya kujibu, twende kwanza katika kisiwa cha Sardinia, nchini Italia. Karibu na mji wa Sassari pana mahali paitwapo Monte d'Accoddi. Palionekana kuwa kilima tu, hata mwaka 1952 mtaalamu Ercole Contu alipoanza kupachimba. Kumbe ndani yake mlikuwa na madhabahu kubwa ya mawe, iliyojengwa kwa madaraja, na njia ya kupandia yenye urefu wa mita 40 na zaidi. Chini yake limefunikwa hekalu la kale zaidi, ambalo kuta zake zilipakwa rangi nyekundu. Yote hayo yalijengwa kabla Abrahamu hajazaliwa. Pembeni lipo bamba la jiwe lenye matundu. Yadhaniwa kwamba hapo ndipo walipofungwa wanyama wa kuchinjwa.

Wajenzi hawakuacha andiko lolote, wala jina la yule waliyemwabudu. Lakini watu hawabebi mawe mazito namna ile kwa mchezo.

Hatusemi kwamba dini zote ni sawa. Musa mwenyewe aliwakataza Waisraeli kupanda kwa ngazi kwenye madhabahu ya Bwana. Hata hivyo Mtume Paulo, alipoiona kule Athene madhabahu ya mungu asiyejulikana, hakuibomoa. Alianzia hapo hapo kuhubiri. Nao Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulifundisha kwamba wasioijua Injili pasipo kosa lao, nao wamtafuta Mungu kwa moyo mnyofu, waweza kuokoka.

Hata madhabahu ile ilipatwa na aibu, wala si kwa mikono ya wapagani. Wakati wa Vita Kuu ya Pili askari walichimba mahandaki ya mizinga juu yake, wakaiharibu. Hao walitoka katika taifa lililobatizwa karne nyingi. Nasi huwaita washenzi wale waliopandisha kondoo!

Basi, wewe uonaye haya kumtaja babu yako kanisani, nenda kwa padre wako, umwombe Misa. Sheria ya Kanisa humruhusu padre kutoa Misa kwa ajili ya mtu yeyote, aliye hai au marehemu.