Thawabu ya Mtu Aliyeacha Mizani



Katika mji wetu wa Kolwezi kila mtu anajua mizani ni nini. Mchimbaji hushuka gizani, hupanda na gunia la mawe ya shaba na kobalti, hulipeleka depo; na hapo mizani huamua kama watoto wake watakula au watalala njaa. Wengi wamekufa kwa kuyatafuta mawe hayo. Mwezi wa Juni 2019 udongo uliporomoka mgodini karibu na mji wetu, ukaua watu zaidi ya 40. Basi, mtu anayeharibu mizani haibi mawe tu. Anaiba jasho la ndugu yake, na pengine damu yake.

Kijana mmoja wa jumuiya yetu alikuwa mpimaji katika depo moja. Siku moja tajiri wake alimwamuru aitengeneze mizani hata kila gunia lionekane jepesi kuliko lilivyo. Kijana akakataa. Jioni ile ile akafukuzwa kazi. Tangu hapo alichoma makaa porini, na mtoto wake wa kwanza, mwanafunzi wa darasa langu, aliacha shule akaenda kuosha mawe mtoni. Mama wa mtoto akanijia, akaniuliza: «Mwalimu, mume wangu amemtii Mungu. Sisi tumepata faida gani?»

Sikuthubutu kumkemea. Mtume Petro naye alimwuliza Bwana wetu swali la namna hiyo hiyo, alipokumbuka nyavu na mashua alivyoviacha, wala Bwana hakumkasirikia. Mungu hapendi tumtolee sadaka huku tukijidanganya kwamba haiumi.

Tazameni mfano wa Mwenye Heri Floribert Bwana Chui, mzaliwa wa Goma katika nchi yetu hii. Alikuwa wa Jumuiya ya Sant'Egidio, akiwasaidia watoto wa mitaani. Kazi yake ilikuwa katika OCC, ofisi ya serikali inayokagua bidhaa. Watu wakamletea fedha ili apitishe mchele ulioharibika. Akakataa, kwa maana mchele ule ungewadhuru watu ambao wangeununua bila kujua. Tarehe 7 Julai 2007 alitekwa. Siku mbili baadaye maiti yake ikaonekana, ina alama za mateso. Alikuwa na umri wa miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025 Kanisa likamtangaza Mwenye Heri huko Roma, katika Basilika ya Mtakatifu Paulo.

Je, thawabu ya Floribert ni sherehe ile ya Roma? La. Sherehe ile ni kwa faida yetu sisi, tupate kuamini. Thawabu yake ni Mungu mwenyewe, naye aliipata kabla jina lake halijasomwa mbele ya watu.

Lakini mama yule hakuuliza habari za mbinguni tu. Aliuliza habari za chungu kilichokuwa kitupu jikoni. Naye Bwana wetu anamjibu. Katika Injili ya Marko, sura ya 10, anaahidi kwamba aliyeacha nyumba, ndugu na mashamba kwa ajili yake atapokea mara mia tangu wakati huu, pamoja na mateso, na mwishowe uzima wa milele. Fikirini, ndugu: nyumba hizo mia ni za nani? Ndugu hao mia ni akina nani? Ni nyumba zetu. Ni sisi wenyewe. Bwana ametoa ahadi, akatukabidhi sisi kazi ya kuitimiza. Tukimfungia mlango mtu aliyeacha mizani ya udanganyifu, tunamfanya mke wake adhani kwamba Kristu amesema uwongo.

Hapa naungama kosa langu. Mara mbili nilimsifu kijana huyo mbele ya wakatekumeni, lakini sikupita kwake hata mara moja.

Baada ya swali la mama yule, jumuiya ilikutana. Mmoja alileta unga. Mwingine akamtafutia kijana kazi kwa mafundi waashi. Akina mama wakamrudisha mtoto darasani. Huu si utajiri, na kodi ya nyumba ingali inawasumbua. Lakini mama yule hajaniuliza tena swali lile.

Basi, Wakristu, tuweke maazimio haya mawili. Kwanza, tusipokee fedha inayotoka katika hasara ya mwenzetu, ingawa kila mtu anaipokea. Pili, tukisikia kwamba mtu amepoteza kitu kwa ajili ya imani yake, tusingoje Dominika ili kumsifu; twende kwake siku hiyo hiyo, tena tusiende mikono mitupu.

Ee Bwana Yesu, uliyeacha vyote kwa ajili yetu, utupe moyo wa kuacha yaliyo mabaya, na mikono ya kumpokea aliyeyaacha. Amina.