Kisu cha Kwanza cha Mvuvi Chipukizi

Kisu cha kwanza cha kijana anayejifunza uvuvi huchaguliwa kwa kazi yake, si kwa mng'ao wake. Katika visiwa vya Wabajuni, kusini mwa Kismayo, Chovae kikiwamo, adui mkubwa wa chuma ni maji ya chumvi. Bapa lisiloshika kutu upesi hufaa zaidi, hata kama kulinoa kunahitaji subira. Urefu wa sentimita 7 hadi 8 watosha kukata mshipi, kuandaa chambo na kupasua samaki wadogo. Mpini usiteleze ukilowa. Kisu cha kukunja kiwe na kizuizi imara, bapa lisijifunge juu ya vidole. Kisichokunjwa, chenye ala, ni rahisi kuosha na salama zaidi chomboni. Kinoo kiambatane na kisu hicho, kwa kuwa kisu butu hulazimisha nguvu, na nguvu huponyosha mkono. Kinachobaki ni mafunzo: kukata kuelekea nje ya mwili, kumkabidhi mwenzio kisu kwa upande wa mpini, kukisuuza kwa maji yasiyo ya chumvi, kukikausha na kukipaka mafuta kidogo kabla ya kukirudisha alani.