Asiyekuwapo na Lake Halipo

Wahenga walinena kwamba asiyekuwapo na lake halipo. Neno hili lafaa kufikiriwa kwa habari ya picha za sinema. Je, watu hudhulumiwa hadithi ya nchi yao inaposimuliwa na mgeni?

Tutazame mfano ulio karibu nasi, watu wa Kigoma na Ujiji. Meli Liemba iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikaitwa Graf von Götzen. Ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa katika makasha, ikavuka bahari hata Dar es Salaam, ikaletwa kwa reli na kuunganishwa tena Kigoma, ikashushwa ziwani mwaka 1915. Mwaka wa pili yake Wajerumani wenyewe waliizamisha. Mwaka 1924 Waingereza wakaiopoa, na mwaka 1927 ikaanza safari kwa jina la Liemba.

Walio mbali hawaijui habari hiyo. Waijua The African Queen, picha ya John Huston ya mwaka 1951, iliyotoka katika kitabu cha C. S. Forester. Husemwa kwamba meli yetu ndiyo iliyompa mwandishi huyo mfano wa meli ya Kijerumani. Katika picha hiyo meli yalipuka na kuzama kabisa. Wenyeji huonekana mwanzoni wakiimba kanisani, kijiji chao huchomwa moto, kisha hadithi hubaki ya wageni wawili mtoni.

Wako watakaosema hiyo ni dhuluma. Mimi sisemi hivyo. Mtunzi ana ruhusa ya kuzamisha meli ambayo haikuzama hivyo. Ubaya haumo katika hadithi kusimuliwa, bali katika kuwa peke yake. Usione vyaelea, vimeundwa. Lakini mtoto wa Kibirizi aliyeona picha hiyo tu atajuaje kwamba mikono ya Waafrika nayo iliviunga vyuma vile?

Dawa basi si kumgombeza mgeni, ila kuongeza wasimulizi. Nao wako, ijapokuwa hawajulikani sana. Mwaka 1985 Nangayoma Ng'oge na Ron Mulvihill walitoa Arusi ya Mariamu, picha fupi ya mwanamke mgonjwa aogopaye kwenda kwa mganga wa kienyeji, ingawa mumewe amsihi. Mwaka 2021 Amil Shivji alitoa Vuta N'kuvute, kutoka riwaya ya Shafi Adam Shafi: msichana Yasmin aikimbia ndoa asiyoitaka, akampenda Denge, mpigania uhuru, katika Zanzibar ya miaka ya 1950. Moja ni ya ugonjwa na imani, nyingine ya mapenzi na siasa. Wala hapana hata moja ijidaiyo kuwa ndiyo nchi nzima.

Pengine mtu atajibu kwamba picha ndogo nazo zaweza kudanganya, na nyingine zimetengenezwa vibaya. Ni kweli. Uchache wa fedha si wema, wala mwenyeji hana kinga ya kukosa. Nazo na zipimwe. Lakini hazipimiki zisipotazamwa, na hapo ndipo ulipo wajibu wetu.

Basi, sisi walimu tuwaonyeshapo wanafunzi picha kubwa ya mgeni, tuwatafutie na ndogo ya mwenyeji, kisha tuwaulize: Nani hayumo? Mvuvi wa dagaa ana usiku wake ziwani, na mwanamke aanikaye dagaa ana mchana wake ufukoni. Habari zao zangoja msimulizi, naye huenda akawa ameketi darasani mwetu.