Suluhu na Haki ya Kukataa

Kwenye vihamba, yaani mashamba ya familia, vya Kilimanjaro, mpaka wa jirani na jirani hupandwa isale. Jani la mmea huohuo ndilo mkosaji humpelekea aliyemkosea kuomba msamaha, na likipelekwa kwa utaratibu wake ni vigumu sana kulikataa. Desturi hii imebeba fikra nzito kuhusu haki: kujua mpaka unapita wapi ni nusu ya kazi, maana wanaogombana leo kesho watagawana maji ya mfereji mmoja na kuzikana. Mahakama humaliza kesi. Wazee hutaka kumaliza ugomvi. Tena wanajua nani alipanda migomba ile na nani alimuuguza marehemu. Kujuana huko, kuliko ukaribu wake na nyumbani, ndiko kunakolipa baraza la wazee nguvu.

Lakini kujuana hukohuko huwaumiza wengine. Mjane anayedai shamba dhidi ya shemeji zake huwa anawashtaki watu anaowategemea, mbele ya wazee wanaokula nao. Akisema basi, yaishe, ameridhia au ameelemewa? Kwa maoni yangu, suluhu huwa ya haki pale tu ambapo mnyonge angeweza kuikataa na kwenda kwingine, akasikilizwa. Kwa hiyo tusiipime haki ya kimila kwa wingi wa magomvi iliyoyazima. Tuulize kwanza anayekataa hufanywaje.

Chukua mfano wa ardhi ya ukoo. Kanuni za urithi wa kimila zilizotangazwa mwaka 1963 kwa Tangazo la Serikali Na. 436 zilimweka binti daraja la tatu, na ardhi ya ukoo akaruhusiwa kuitumia bila kuiuza. Mwanamke mmoja wa Kihaya aliuza shamba la ukoo alilorithi kwa baba yake. Mtu wa ukoo wake akashtaki, na Mahakama ya Mwanzo ikampa mdai ushindi. Shauri lilipanda hadi Mahakama Kuu Mwanza, ambako mwaka 1990 Jaji James Mwalusanya aliamua kwamba ubaguzi ule unapingana na haki za binadamu zilizomo katika Katiba. Bila ngazi hizo za juu ukoo ungetulia, na utulivu wenyewe ungekuwa dhuluma.

Watetezi wa mila watasema huku ni kuwatwisha wanavijiji sheria ya watu wa mjini. Mbona maandishi ya 1963 yalitoka serikalini? Jambo ambalo wazee wangeweza kulijadili upya kila kizazi liligeuzwa kifungu. Jaji alilegeza kilichokazwa na dola, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 ikaendelea kwa kubatilisha mila inayomnyima mwanamke ardhi.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na halina jibu jepesi: mlango wa kutokea humfaa zaidi mwenye fedha, ambaye atalidharau baraza na kumchosha maskini kwa rufaa. Ni kweli. Hata marekebisho ya sheria ya 2021 yanaonyesha hivyo: yaliyaondolea Mabaraza ya Kata mamlaka ya kuamua migogoro ya ardhi. Sasa yanapatanisha tu, na siku 30 zikipita bila mapatano mdai anaweza kulipeleka shauri Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Kimsingi nayaunga mkono marekebisho hayo, kwani mpatanishi asiyeweza kulazimisha hubaki mpatanishi. Ila nauli, siku za kulima zinazopotea na gharama ya kuandikiwa hati humfanya mjane akubali kipande kidogo kuliko haki yake, na shemeji analijua hilo kabla hajaketi kwenye benchi la kata. Shuruti ya baraza imeondoka, ya umaskini ikabaki. Kulirudishia baraza rungu hakutaitibu. Kinachohitajika ni mwenyekiti wa baraza la wilaya aende kusikiliza mashauri huko kwenye kata, kwa ratiba inayojulikana, na wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na sheria ya 2017 wawe pamoja na mdai tangu siku ya kwanza ya upatanishi, kabla hajaweka dole gumba kwenye karatasi yoyote.