Kupatwa kwa Mwezi: Tutazame au Tusali?

Jumapili usiku, tarehe 7 Septemba 2025, katikati ya Mfunguo Sita, mwezi ulipatwa wote juu ya pwani yetu. Ulifunikwa kamili saa mbili na nusu, ukageuka mwekundu, ukakaa hivyo kwa dakika 82.

Katika nyakati kama hizi wapenda falaki, watu wasiolipwa ujira ila mapenzi yao tu, hukusanyika na darubini zao. Na hapo ndipo yazukapo mabishano. Mmoja husema: "Mtume wetu s.a.w. ametuamrisha sala, nanyi mwafanya tamasha!" Wa pili hujibu: "Wakati wake ulijulikana miaka mingi kabla. Kuna khofu gani katika jambo lililokwisha kuhesabiwa?"

Kwa maoni yetu, kila mmoja ameshika nusu ya haki, akaiangusha nusu ya pili.

Ama huyu wa pili, amedhani kuwa kujua sababu kwaondoa ibada. Ni kweli kuwa ardhi huingia baina ya jua na mwezi, kivuli chake kikauangukia mwezi. Lakini dakika ya alfajiri nayo imeandikwa ukutani msikitini. Ni nani aliyeacha kusali kwa kuwa wakati wajulikana? Na tabibu hujua sababu ya mauti. Je, tumeacha kuwasalia maiti wetu?

Ama yule wa kwanza, na akumbuke yaliyotokea Madina. Alipofariki Ibrahim, mwana wa Mtume, jua lilipatwa, watu wakasema limepatwa kwa msiba huo. Mtu apendaye sifa angalinyamaza. Mtume aliwakatalia, akawafundisha kuwa jua na mwezi ni dalili za Mwenyezi Mungu, havipatwi kwa kufa wala kuishi kwa mtu. Basi amwelezaye mtoto habari ya kivuli, badala ya kumwacha apige madebe ili mwezi utapikwe, hakupotoka. Mwaka 997 al-Biruni huko Kath na Abu al-Wafa huko Baghdad walipatana kuutazama mwezi mmoja ukipatwa. Kwa kulinganisha saa zao wakajua miji hiyo miwili imeachana kadiri gani kwa mashariki na magharibi. Waislamu hao hawakuona haya kutazama.

Khatari iko hapa: kijana akiambiwa achague baina ya darubini na msikiti, huenda akachagua darubini, nasi ndio tutakaokuwa tumemfukuza.

Dakika 82 zatosha kwa yote mawili. Na tusali rakaa mbili, kila rakaa kwa rukuu mbili, tutoe sadaka, tuombe maghufira. Kisha mzee naye ainamie darubini ya mjukuu wake. Wajuzi wamekwisha hesabu kuwa mwezi utapatwa wote tarehe 31 Desemba 2028, mapema usiku. Tuna muda wa kujitayarisha, kwa macho na kwa nyoyo.